Mpira Unaishia Wavuni, Chanzo Kiko Miguuni: Kutatua Matatizo ya Mwanafunzi Mpya wa Tenisi

Mwanafunzi mpya wa tenisi huonyesha kosa lake mkononi, kwa sababu mkono ndio ulioshika raketi na ndiko macho ya kila mtu yanakoelekea. Nimefundisha watoto na watu wazima kwa miaka kadhaa kwenye uwanja wa saruji hapa Malindi, na nimesadiki kwamba mara nyingi chanzo cha kosa hilo kiko kwingine: kwenye mpira tuliompa, kwenye umbali tuliomsimamisha, kwenye miguu yake, au kwenye somo la wiki mbili zilizopita tuliloliruka kabla halijamkaa. Kwa hiyo, utakapoiona dalili yoyote kati ya zilizoelezwa hapa chini, uchunguze kwanza mpira, kisha mahali aliposimama, kisha miguu, kisha macho, na mkono uuache uwe wa mwisho. Ukikuta kwamba chanzo ni somo lililorukwa, mrudishe nyuma siku hiyo hiyo na umweleze kwa upole sababu yake.

Raketi inakata hewa na mpira unapita

Hii ndiyo dalili ya wiki ya kwanza, na mzazi aliyekaa pembeni huhofia kwamba mtoto wake hana kipaji. Mara nyingi mtoto amepewa tu mpira asiouweza. Mpira wa kawaida wa manjano, ukidondoshwa kutoka kimo cha sentimita 254 kwenye sakafu ngumu, unatakiwa udunde kati ya sentimita 135 na 147, na mtoto wa miaka 7 akirushiwa mpira wa namna hiyo kutoka ng'ambo ya wavu humfikia usawa wa uso au humpita kichwani. Shirikisho la Kimataifa la Tenisi limeweka mipira ya mafunzo ya ngazi tatu kwa sababu hiyo: mwekundu, ambao ni wa polepole kuliko yote na huchezewa kwenye uwanja mdogo wa takriban mita 11, wa rangi ya machungwa, kwa uwanja wa takriban mita 18, na wa kijani, kwa uwanja kamili wa mita 23.77. Tangu mwaka 2012 kanuni haziruhusu mpira wa kawaida katika mashindano ya watoto wa miaka 10 na walio chini ya hapo. Ikiwa mashindano yenyewe yameona haja ya kumpunguzia mtoto kasi ya mpira, somo lake la kwanza lina haja kubwa zaidi.

Ili kuthibitisha chanzo, mwondolee raketi. Mrushie mpira taratibu, kwa kubembeza mkono kutoka chini, na umtake audake kwa mikono miwili baada ya kudunda mara moja. Asipodaka walau mipira saba katika kumi, tatizo ni kusoma mdundo na kuufikia, na raketi ingemwongezea mzigo tu. Basi mchezo wa kudaka uendelee siku mbili tatu. Akidaka vyema, mrudishie raketi lakini aishike juu, karibu na koo la raketi, pale mpini unapokutana na kichwa, ili kichwa cha raketi kiwe kama kiganja kilichorefuka kidogo, kisha ashuke na mpini hatua kwa hatua.

Mipira ya rangi haipatikani kirahisi mjini kwetu, na wengi wetu hutumia ya kawaida iliyochoka. Ipime kabla ya kuitumia. Chora kwa chaki alama ya mita mbili ukutani, uachie mpira kutoka hapo: mzima utapanda kupita mita moja kidogo, na ule unaoishia kwenye kiuno cha mtoto unamfaa mwanafunzi wa uwanja mdogo. Usiutumie kwenye uwanja kamili, kwa sababu nitakayoieleza nitakapofika kwenye maumivu ya mkono.

Raketi nayo ipimwe. Mtoto asimame wima, mkono ukining'inia. Kichwa cha raketi kinapaswa kuigusa sakafu kwa shida au kuikosa kidogo, na kikijikunja kuilalia, raketi hiyo ni ndefu kwake. Za watoto huanzia inchi 19 na kupanda hadi 25 na 26, ilhali ya mtu mzima ni inchi 27. Tangu Angella Okutoyi aliposhinda taji la wasichana chipukizi la wachezaji wawili wawili huko Wimbledon mwaka 2022, nimeletewa watoto kadhaa waliobeba raketi za inchi 27 kwa matumaini makubwa. Naiheshimu shauku hiyo kwa moyo wote, na ndiyo maana huwaomba wazazi raketi hiyo ikae kabatini kwanza, kwani inampotezea mtoto miezi.

Hakimbilii mpira

Kabla hujamwambia ni mvivu, tazama alichovaa na anachokikanyaga. Upepo wa hapa huleta mchanga, na mchanga mwembamba juu ya saruji ni utelezi usioonekana. Mtoto akiteleza mara moja, hasa akiwa na ndara, mwili wake utakataa kukimbia hata kama ulimi wake unasema hakuna shida. Uwanja ufagiliwe kwa fagio la chelewa kabla ya kila somo, na asiye na viatu vya kufunga apewe mazoezi ya kusimama mahali pamoja. Katika mwezi wa Ramadhani dalili hii ina maelezo yaliyo wazi, na somo lifupishwe liwe la kurusha, kudaka na kupiga polepole, na mbio zisubiri hadi baada ya Idi.

Mpira unapaa na kuvuka ukuta

Mwarobaini ulio nyuma ya uwanja wetu umemeza mipira mingi, na karibu yote ilipigwa na wanafunzi wa namna mbili. Wa kwanza ni yule anayeshika raketi kama kikaango, uso wake ukitazama mbinguni, hivyo kila anachokigusa kinapanda. Mpe mshiko wa kusalimiana: simamisha raketi kwa ukingo wake mbele yake, umwambie aupe mpini mkono kama anayemwamkia mgeni. Kwa fohendi, yaani pigo la upande wa mkono wenye nguvu, mshiko huo unamtosha kwa miezi ya mwanzo. Wa pili ameshika vizuri ila anavuta mkono nyuma mno na kupiga kwa nguvu zote. Msimamishe hatua mbili kutoka ukutani, mgongo ukiuelekea ukuta, na raketi ikigonga ukuta ajue kwamba amepitiliza.

Ipo pia sababu ya tatu, ambayo mwalimu asiye wa pwani anaweza kuisahau. Uwanja wetu umelala kaskazini na kusini, na wakati wa kusi, yaani msimu wa upepo wa kusini, anayecheza upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, ana upepo mgongoni, kwa hiyo pigo lile lile lililotua vizuri mwezi wa Machi sasa linatoka nje. Badilisheni pande kabla hujamrekebisha chochote. Ikiwa akiwa demani, yaani upande unakoelekea upepo, mipira yake inatua ndani, hana kosa la mkono. Mfundishe kupunguza urefu wa pigo anapokuwa joshi na kuupandisha mpira juu zaidi ya wavu anapokuwa demani.

Mpira unaishia wavuni

Anza na wavu wenyewe. Katikati unatakiwa uwe na kimo cha sentimita 91.4, na kwenye nguzo sentimita 107. Kamba ya wavu wetu hulegea na kukazwa upya kila siku, na mara nyingi aliyeikaza ameupandisha kupita kiasi. Huna haja ya kipimo cha fundi: simamisha raketi moja ya mtu mzima katikati ya wavu, juu yake weka kichwa cha raketi nyingine kwa upana, na hapo panakaribia kimo kinachotakiwa.

Wavu ukiwa sawa, muulize mwanafunzi analenga wapi. Wengi hujibu kwamba wanalenga juu kidogo ya wavu, na hapo ndipo penye kosa, kwa sababu mpira huanza kushuka mapema kuliko wanavyodhani. Nimefunga utepe kati ya vijiti viwili, karibu mita moja juu ya wavu, na mwanafunzi anatakiwa apitishe mpira juu ya utepe. Aliyekuwa anagonga wavu mara sita katika kumi hubadilika siku hiyo hiyo bila kuguswa mkono. Kisha mfundishe kupiga mshazari, kutoka pembe hadi pembe. Njia hiyo hupita katikati, ambako wavu ni mfupi kwa zaidi ya sentimita 15, na katika uwanja wa mchezaji mmoja humpa takriban mita 1.4 za ziada za kutulia mpira kuliko njia iliyonyooka.

Ikiwa bado unaishia wavuni, tazama raketi inakutana na mpira wapi. Ikiwa ni ubavuni au nyuma ya mwili wake, amechelewa, na kuchelewa kunahitaji kuelezwa peke yake.

Daima anachelewa

Nilihangaika na dalili hii kwa muda mrefu. Palikuwa na kijana wa miaka 11 kutoka Shela aliyekuwa na macho makali na miguu myepesi, lakini kila mpira ulimkuta raketi ikiwa bado inarudi nyuma. Nilimwambia, "Harakisha mkono," naye aliharakisha, na pigo likazidi kuharibika. Jioni moja babu yake, aliyekuwa mvuvi, alikuja kumchukua, akasimama langoni akitutazama kwa muda, kisha akaniita kando.

"Mwalimu," akasema, "huyu anangoja mpira umfikie ndipo ageuke. Kimia hakirushwi hivyo."

"Kinarushwaje, babu?"

Akaweka mkoba wake chini, akakunja mikono kama aliyebeba wavu wa kuvulia begani, akageuza kiuno na mabega polepole kuelekea kulia, uzito wote ukahamia mguu wa kulia, na mikono yake haikufanya lolote ila kufuata. Kisha kiuno kikarudi kwanza, bega likafuata, na mikono ikafunguka mwishoni kabisa. "Ukianza na mikono," akasema, "kimia kitaanguka kimejikunja."

Sijapata maelezo bora ya pigo la tenisi kuliko hayo. Mwanafunzi anayechelewa kwa kawaida hana mkono mzito, amechelewa kugeuka. Mara mpira unapoondoka kwenye raketi ya mwenzake, mabega yageuke na raketi iende nayo, ili mpira unapodunda yeye awe tayari amekwisha kujiandaa. Zoezi lake ni la sauti: mwanafunzi aseme "geuka" mwenzake anapopiga, "dunda" mpira unapogusa sakafu, na "piga" raketi inapoukuta. Neno la kwanza likitoka pamoja na la pili, umeshaona kosa liko wapi, na yeye mwenyewe amelisikia.

Ongeza na kijiruko kidogo. Mwenzake anapokaribia kupiga, mwanafunzi aruke chini chini na kutua kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamelegea, ili aweze kwenda upande wowote. Aliyesimama wima kwa visigino hupoteza nusu ya nafasi yake katika kujing'oa tu. Kijana yule alichukua wiki tatu kuzoea kugeuka mapema, na mkono wake, ambao nilikuwa nimeulaumu kwa miezi miwili, sikuugusa tena.

Bekihendi haina nguvu

Bekihendi, yaani pigo la upande wa pili wa mwili, kwa anayeanza ifundishwe kwa mikono miwili, mkono dhaifu ukikaa juu ya ule wenye nguvu na ndio unaosukuma zaidi. Anayetumia mkono wa kulia apige mipira ishirini kwa mkono wa kushoto pekee, akiwa karibu na wavu, na ikiwa hawezi kuivusha basi umeshajua ni mkono upi unaozembea. Kwingineko dawa ni zile zile za kuchelewa.

Sevu: ya kwanza wavuni, ya pili nje

Sevu, yaani pigo la kuanzisha mchezo, ndilo pekee ambalo mchezaji hulianza mwenyewe bila kushurutishwa na mpira wa mwenzake, na kwa sababu hiyo kila tatizo lake linaweza kuchunguzwa kwa utulivu. Lichunguze kwa vipande.

Kipande cha kwanza ni urushaji. Mwendo wa sevu ni mwendo wa kurusha, na watoto wa Malindi wanaujua kabla hawajaiona raketi, kwani hakuna asiyewahi kurusha jiwe mwembeni. Mpe mpira mkononi, asimame kwenye mstari wa sevu, mita 6.40 kutoka wavuni, autupe juu kwa juu ng'ambo, kiwiko kikiwa kimeinuka na ubavu ukielekea wavu. Asipoweza kuufikisha kwenye kisanduku cha sevu, yaani eneo la ng'ambo ambamo sevu hutakiwa kutua, kwa mkono, hataufikisha kwa raketi. Watu wazima, hasa wale ambao utotoni hawakupata nafasi ya kurusha chochote, huhitaji zoezi hili kuliko watoto, na wasione aibu kulirudia.

Kipande cha pili ni mshiko. Mshiko wa fohendi unafaa kwa siku za kwanza, lakini ukiendelea nao mpira utakuwa unasukumwa na mkono utaumia. Ashike raketi kama anayeshika nyundo, tayari kugongelea msumari kwa ukingo wake. Mwanzoni mpira utakwenda kombo upande wa kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia, naye atataka kurudi kwenye kikaango. Mzuie kwa upole, mpunguzie umbali, na umwonyeshe jinsi mkono unavyojigeuza nje kidogo karibu na mpira.

Kipande cha tatu, na hapa ndipo sevu nyingi hufia, ni kuurusha mpira juu. Tazama vidole. Anayeufumbata mpira kiganjani huuzungusha unapotoka na hajui utaangukia wapi. Ushikwe kwa ncha za vidole kama mtu anayeweka yai kwenye rafu ya juu, mkono upande ukiwa umenyooka, na uachiwe unapokaribia usawa wa macho. Laza raketi sakafuni, kichwa chake kikiwa mbele kidogo ya mguu wa mbele, na mwanafunzi aurushe mpira bila kuupiga. Ukiangukia kwenye nyuzi mara nne katika tano, aendelee. Wakati wa kusi mpira uliorushwa juu sana huhama kabla haujashuka, na mwanafunzi huonekana akiukimbilia kama anayefukuza karatasi, kwa hiyo msimu huo urushwe chini zaidi, ufike pale tu raketi iliyonyooshwa inapofika.

Kuna kanuni moja ambayo wanafunzi wengi hawaijui na ambayo huwaondolea nusu ya makosa: mpira uliorushwa vibaya haulazimiki kupigwa. Maadamu hajajaribu kuupiga, anaweza kuudaka au kuuacha uanguke, kisha arushe upya, wala halihesabiwi kuwa kosa. Waambie siku ya kwanza ya sevu.

Vipande vitatu vikiungana, umbali uongezwe hatua moja moja, kutoka mstari wa sevu kurudi hadi mstari wa nyuma, na kila hatua ipatikane baada ya sevu sita nzuri katika kumi. Mwanafunzi anayesevia kwenye mstari wa nyuma tangu siku ya kwanza hujizoeza nguvu kabla ya mwendo, na kumfundisha upya ni kazi ndefu.

Kiwiko au kifundo cha mkono kinauma

Tenganisha uchovu na maumivu. Misuli inayouma siku iliyofuata na kutulia baada ya siku mbili ni jambo la kawaida kwa anayeanza. Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko yanayorudi kila somo si ya kawaida. Chunguza kama anachelewa kuukuta mpira, kama anapiga bekihendi ya mkono mmoja kwa kukunja kifundo, na kama mpini umelowa jasho kiasi kwamba anaukaba ili usimponyoke. Katika joto letu jambo hili la mwisho hutokea kuliko yote. Utepe wa mpini ubadilishwe mara tu unapoanza kuteleza, na mwanafunzi awe na kitambaa kiunoni. Kisha angalia mipira. Mpira uliokufa ukipigwa kwenye uwanja kamili unamlazimu mchezaji aongeze nguvu kila pigo, na mpira uliolowa umande wa asubuhi ni mzito zaidi. Hiyo ndiyo sababu nilisema mipira iliyochoka ibaki kwenye uwanja mdogo. Ikiwa anaumia hata anapoinua birika la chai au kukamua nguo, asimamishe mchezo kabisa na aende kwa daktari, wala asipewe zoezi la kujikaza.

Kwa mwalimu anapiga vizuri, mchezoni anaanguka

Dalili hii hujitokeza mwezi wa tatu au wa nne, na huwavunja moyo wanafunzi wenye bidii kuliko wengine. Akirushiwa mpira kutoka kikapuni hurudisha kumi kwa kumi, lakini akisimamishwa na mwenzake wa rika lake, mpira wa pili au wa tatu unapotea. Mzazi hudai mashindano yamemtia woga, na huenda woga upo, lakini kabla ya woga uchunguze mafunzo yenyewe. Mpira wa kikapuni huja mahali pamoja, kwa kasi moja, na mwanafunzi anajua utakapodunda hata kabla haujarushwa. Amejifunza kupiga, ila hajapata kujifunza kusoma, na mpira wa mwenzake haumjui wala haumhurumii.

Kwa hiyo kikapu kipunguzwe. Katika somo la saa moja, dakika kumi au kumi na tano za kurushiwa zinatosha kwa kusahihisha jambo moja, na muda uliobaki wanafunzi warudishiane wao kwa wao, kwenye uwanja mdogo kwanza, wakihesabu kwa sauti. Kigezo changu cha kumpandisha mtu ngazi, kutoka uwanja mdogo kwenda wa kati na kutoka wa kati kwenda kamili, ni kurudishiana na mwenzake mara kumi mfululizo, katika siku tatu tofauti, mojawapo ikiwa ya upepo. Hesabu ianzwe tangu wiki ya pili, na pointi zichezwe mapema, hata kwa sevu ya kutupia mkono, kwani 15, 30 na 40, yaani hesabu ya pointi za tenisi, humfundisha mtoto kuchagua wapi apeleke mpira, jambo ambalo kikapu hakiwezi kumpa.

Nilikuwa na binti wa miaka 9 ambaye kwa mpira wa kijani hakuwahi kupita mapigo matatu na mwenzake. Nilimrudisha kwenye uwanja wa mita 11, akanuna, akaniuliza kama amefanya kosa gani. Nikamjibu, "Hujafanya kosa, mwanangu, mimi ndiye niliyekuharakisha." Alhamisi ya tatu, baada ya sala ya alasiri, alisimama na dada yake pande mbili za wavu mdogo tuliokuwa tumeufunga kwa kamba ya jarife, wakaanza kuhesabu. Walipofika ishirini sauti zao zilishuka kwa sababu walikuwa wanahema, na walipofika thelathini na nne mpira uligonga ufa wa saruji ukakata kushoto, naye akageuza mabega, akatoa hatua mbili, akaupata. Wiki iliyofuata nilimpa mpira wa rangi ya machungwa.